Angalia Asiyetajwa

Nyasubi, Kahama
13 Januari 2025

Mdogo wangu Pantaleo,

Mwangaluka. Kama barua hii inakufikia jioni, basi hiyo ni salamu ya asubuhi iliyochelewa njiani, ipokee hivyo hivyo. Sisi huku wazima. Ninaposema sisi namaanisha mimi na kuku wangu. Mvua imenyesha mpaka njia ya sokoni imekuwa tope tupu, mpunga wa watu umependeza, na jirani yangu Bernadina ameweka jino la dhahabu, sasa anacheka hata msibani ili lionekane.

Tangu Krismasi nakupigia simu, yule dada wa mtandao ananijibu kwamba hupatikani. Nimechoka kuongea naye. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Mageni, kondakta wa basi linalopita kwenu, amekubali kuibeba barua na kuiacha kwa mama ntilie wa stendi ya Buseresere. Wewe ukijibu, mpe huyo huyo.

Sasa lililonifanya niandike. Marselino ameniachia kile kibanda umiza chake. Unakijua, mlikuwa mkikaa benchi la mbele mkigombana mpaka nakuja na maji ya kuwamwagia. Runinga ipo, king'amuzi kipo, benchi zipo. Watu ndio hawapo. Unaukumbuka ule ubao wa mlangoni? Kila Jumamosi shemeji yako aliandika kwa chaki mechi za siku na matokeo anayoyaona yeye. Mtu aliyekuwa anapita zake kununua mkaa alisimama, akasoma, akapiga kelele, "Mzee, leo umechanganyikiwa!" Halafu akaingia, ili mechi ikiisha apate kumcheka. Tangu tumzike Oktoba, ubao uko mtupu. Wanapita, wanautazama, wanaendelea na safari. Mpira wenyewe wanao kwenye simu zao. Walikuwa wanakuja kubishana na mume wangu.

Wapo wanaoniambia nikiuze. Mimi sitaki. Hicho kibanda ndicho mlango pekee ambao watu bado wanaugonga kwangu.

Kwa hiyo nifundishe kutabiri. Wewe umedaka mpira tangu shule ya msingi, umekuwa kipa wa mkoa, unaujua kwa ndani. Mimi sijui hata kwa nini yule mwenye filimbi anakimbia na hapigi mpira. Kwa nini hukuja kumzika Marselino, hilo sikuulizi leo.

Dada yako,
Mama Martina


Buseresere
2 Februari 2025

Dada Mariana,

Shikamoo. Barua yako imefika, ina harufu ya dagaa, nadhani Mageni aliiweka pamoja na mzigo wa mtu. Mimi mzima, mafua kidogo tu ya msimu. Juliana anakusalimu sana, anasema wifi zake wote duniani ni wewe mmoja. Simu yangu ilitumbukia kwenye bwawa la mwaloni, pale tunapooshea mchanga wa dhahabu, ikafa palepale. Kazi bado ni ile ya karasha, kusaga mawe. Mashine inanguruma kutwa, mtu ukitoka pale unasikia ngurumo hata ukiwa kanisani.

Nimecheka kwamba unataka kutabiri mpira. Halafu nikaona una kipaji ambacho wanaume wote wa Nyasubi hawana: hakuna timu unayoipenda. Anayependa hatabiri, anaomba dua.

Anza hivi. Usiangalie jina la timu, angalia walikuwa wapi katikati ya wiki. Waliosafiri mbali wana miguu mizito, watafungwa dakika za mwisho. Pili, mtazame kipa wakati mpira uko mbali naye. Kipa anayewapigia mabeki wake kelele, mwandikie ushindi. Kipa aliyenyamaza anawaza ya nyumbani kwake.

Kuhusu shemeji Marselino, nitakuandikia siku nyingine. Leo karatasi imeisha.

Mdogo wako,
Pantaleo


Nyasubi
17 Februari 2025

Pantaleo,

Marahaba. Karatasi imeisha wakati upande wa pili ni mweupe? Haya.

Kuku mmoja ameliwa na paka wa Bernadina. Yeye kaja kuniomba radhi huku jino linameremeta.

Nimefuata somo lako lakini niliongeza la kwangu, na hilo ndilo lililoniumbua. Unajua kwetu ngoma mbili zikishindanishwa siku ya sherehe, zinapigwa kwa wakati mmoja uwanja mmoja, na watu wanakimbilia ile inayowakosha. Iliyovuta watu wengi ndiyo imeshinda, hakuna hesabu nyingine. Basi nami nikawaangalia wale wenye jezi nyekundu: uwanja mzima wao, wanaimba, wanapunga vitambaa. Wale wa mistari wana kikundi kidogo kama cha waliokosa basi. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: WEKUNDU TATU, MISTARI BILA.

Wekundu wamekula nne.

Wanaume watatu waliokuwepo walinicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja aliniuliza nilitumia kanuni gani, nikamwambia ile ya ngoma, akakaa chini kabisa. Jumamosi iliyofuata wale watatu walirudi, wamekuja na wenzao, wanauliza, "Mama, leo ngoma ya nani?" Wakaingia. Wakalipa kiingilio. Niliketi pale mlangoni na bakuli langu, nikajisikia mtu.

Ile mechi ya watani wa jadi niliogopa kumuudhi mteja yeyote nikaandika sare. Walinuna wote, pande zote mbili. Sirudii.

Nifundishe zaidi. Na msalimie Juliana, mwambie anitumie namba yake ya simu.

Mama Martina


Buseresere
20 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, mambo yalikuwa mengi. Ile habari ya ngoma niliisoma nikacheka mpaka kifua kikanibana, ikabidi niweke barua pembeni nipumzike. Huku mvua zimejaza maduara, mashimo mengi hayaingiliki, watu wanacheza bao na kungoja maji yapungue.

Leo nakupa somo ambalo sikuwahi kumpa hata shemeji. Nilifundishwa na kocha wangu Shinyanga, siku ile niliyovunja kidole nikidaka penalti. Kabla ya mechi makocha huongea redioni. Usisikilize wanachosema, maana wote husema wamejiandaa vizuri. Angalia asiyetajwa. Ukisikia kocha anamsifu beki, anamsifu kipa, anamsifu mpaka mpishi wa kambi, halafu mfungaji wao hatajwi hata kwa bahati mbaya, jua huyo yuko kitandani na barafu gotini. Timu huficha kidonda chake kwa kuongea sana kuhusu sehemu zisizouma.

Fanya hivyo, utaona.

Wabeja sana kwa barua zako. Huku hakuna wa kuongea naye mpira.

Pantaleo


Nyasubi
31 Machi 2025

Pantaleo,

Marahaba, mdogo wangu. Mpunga unaanza kukomaa, watoto wanashinda mashambani kufukuza ndege. Kuku waliobaki wanataga.

Nimenunua betri za redio na nimesikiliza makocha mpaka nimewachoka. Ni kweli gete, kweli tupu! Kocha wa wale bluu alisifu kila mtu, hata nyasi za uwanja alizisifu, ila yule mrefu wao mwenye nywele za kusuka hakumgusa. Nikaandika: BLUU WANAFUNGWA, MREFU HAYUPO. Walinizomea. Kikosi kilipotangazwa, mrefu hayupo. Kibanda kililipuka! Sasa wananiita Kocha Mama. Benchi hazitoshi, wengine wanakalia ndoo. Mmoja alinakili ubao wangu wote kwenye mkeka wake wa kubeti, mkeka ukachanika kwa mechi moja, akaja kunilaumu. Nikamwambia mimi natabiri ili watu wabishane, yeye alitumwa na nani?

Lakini nikwambie ukweli, mechi ikiisha ndipo ninapoumia. Wanatoka wote kwa pamoja, wanabishana mpaka kona ya sokoni, nasikia sauti zao zikipotea. Nabaki napanga benchi. Koti la Marselino bado liko kwenye msumari wake. Nikizima runinga kunakuwa kimya sana, Pantaleo, na huo ukimya siuzoei. Naongea na ubao. Naufuta polepole ili kazi isiishe haraka.

Njoo hata wiki moja. Juliana hajambo? Hajanitumia namba.

Mama Martina


Buseresere
27 Aprili 2025

Dada Mariana,

Shikamoo. Nimefurahi kuhusu mrefu wa bluu.

Kuja sasa hivi haiwezekani, kazi zimebana.

Nami nimefanyia kazi somo langu mwenyewe. Barua tatu unazungumzia kuku, mpunga, jino la Bernadina. Kila barua unasaini Mama Martina. Martina mwenyewe hatajwi. Ni nani hao "wapo" wanaokuambia uuze kibanda?

Kula vizuri.

Pantaleo


Nyasubi
4 Mei 2025

Pantaleo,

Marahaba. Umenipata, bao safi, kipa nimelala upande mwingine.

Ni Martina. Siku ya arobaini ya baba yake alitaka niuze kila kitu nihamie kwake Dodoma, nikae kwenye kochi niangalie tamthilia. Nilimjibu vibaya mbele ya wakwe zake. Tangu siku hiyo hajapiga, nami sijapiga. Naandika jina lake chini ya barua kwa sababu hapo ndipo mahali pekee ninapolitumia. Nimeumia na nimekuwa mkaidi, yote mawili.

Sasa zamu yangu, na mimi sitasubiri redio.

Barua yako ya kwanza Juliana ananisalimu. Ya pili hayupo. Ya tatu hayupo, na nimemuuliza mara mbili. Juliana ameondoka. Karasha ulilitaja mara moja tu, kisha kimya. Mtu anayefanya kazi hulalamika kuhusu kazi. Huna kazi ya karasha tena. Kifua "kilikubana" kwa kicheko, hapo umeteleza, ulisahau kuficha. Na simu, mdogo wangu, Mageni ananiambia pale Buseresere simu zinauzwa kama karanga. Hukununua nyingine kwa sababu ningekupigia, na ningekupigia ningesikia. Karatasi haikohoi.

Utabiri wangu ni kwamba wewe ni mgonjwa, uko peke yako, na hukuja kumzika Marselino kwa sababu hukutaka tukuone.

Sitakulazimisha. Ila nimeandika ubaoni, chini ya mechi za Jumamosi hii tarehe kumi: PANTALEO MOJA, BUSERESERE BILA. Walipouliza ni timu gani hizo nikawaambia ni mdogo wangu, natabiri atakuja nyumbani. Kibanda chote kinabishana. Wengi wanasema huji.

Nimekufulia shuka.

Mariana


Buseresere
14 Mei 2025

Dada yangu Mariana,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, acha nianzie kwenye ubao.

Nilikuja.

Nilishuka stendi ya Kahama Jumamosi mchana, nikaenda Nyasubi kwa mguu, nikipumzika kila penye kivuli. Ubao niliuona tokea ng'ambo ya barabara. Jina langu lilikuwa kubwa kuliko la timu zote. Watu walikuwa wamelizunguka, mmoja anasema, "Huyo haji, mama anajifariji tu." Mwingine akasema, "Akija, atakuja na gari, ametoka kwenye dhahabu huyo." Wakaanza kubishana ni gari gani.

Dada, mtu akitoka kwenye dhahabu, kitu cha kwanza watu wanachotazama ni mikono yake. Mimi yangu ilikuwa na mfuko wa rambo wenye shati moja na dawa. Nilitaka kugeuka. Miguu ilikataa, ilikuwa imechoka kuliko aibu. Nikapanga foleni na wateja wengine. Ulikuwa umekaa na bakuli, umeinamisha kichwa, nikakupa kiingilio ukakipokea. Hukunitambua. Sikulaumu, hata mimi nikijiona kwenye kioo huwa nauliza ni nani. Nimekonda nusu.

Nilikaa benchi la mwisho. Koti la shemeji nililiona. Kipindi cha pili kikohozi kilinishika, kile cha kukunja mgongo, nikajua sasa watageuka wote. Kwa bahati mtu aliongeza sauti ya runinga mpaka mwisho, hakuna aliyenisikia. Nikatoka. Nikanywa maji bombani kwa jirani, nikarudi stendi.

Yote uliyotabiri ni kweli. Daktari anasema ni vumbi la mawe, limekaa mapafuni na halitoki. Mwezi wa pili bosi wa karasha aliniambia nikapumzike, mtu anayeambiwa hivyo haitwi tena. Juliana alibaki wiki mbili. Alinisihi nije kwako nitibiwe, nikamkatalia, nikamwambia siwezi kurudi kwetu mtupu. Akafunga nguo zake akaenda kwao. Shemeji alipofariki nilikuwa nakohoa tayari, na kaburini watu hunyamaza. Nililia hapa kwenye chumba. Alinipenda yule mtu.

Futa jina langu ubaoni, dada. Waambie umekosea, wakucheke, waingie. Huo ndio ushauri wangu wa mwisho kuhusu utabiri.

Pantaleo


Nyasubi
18 Mei 2025

Pantaleo mdogo wangu,

Leo sina habari za kuku.

Nilikuona. Nilikuona pale pale mlangoni, nilipouona mkono wako ukinyoosha kiingilio. Kile kidole cha mwisho kilichopinda, cha penalti ya Shinyanga. Mimi ndiye niliyekifunga kwa kitambaa cha kichwa changu uliporudi nyumbani, mama akiwa shambani. Nani akitambue, kama si mimi? Niliinamisha kichwa kwa sababu ningekiinua ningepiga ukelele, na wale wote wangegeuka kukutazama, nami nikaona kwenye huo mkono kwamba hutaki kutazamwa. Nikasema nitangoja mapumziko. Mapumziko yakafika, ukawa umekiinamia kile kimfuko chako, nikasema nitangoja mwisho. Nilikuwa naogopa, basi. Nilikuwa naogopa utakimbia.

Aliyeongeza sauti ya runinga ni mimi.

Ulipotoka nilikufuata mpaka bombani, nikakuta kikombe kimelowa. Bernadina akasema umeelekea stendi. Nilifika pale basi likitoka. Niliporudi nikausoma ubao, nikaona kosa langu: nilimwandika ndugu yangu mahali pa kuandikia mechi, wanaume wakamfanyia mzaha. Kwa hilo naomba radhi. Jina sijalifuta, lakini. Wote wanasema Kocha Mama safari hii amekosea. Nimewaacha waseme. Najua nilipatia.

Nilimpigia Martina. Nilipomtajia habari zako alilia kabla sijamaliza, akasahau kwamba amenikasirikia. Ametafuta daktari wa kifua, tutakwenda pamoja. Habari ya kuuza kibanda hakuigusa, na safari hii nimeshukuru kwamba kuna kitu hakikutajwa.

Kuhusu mikono mitupu: pale kwangu kuna kiti cha Marselino kando ya ubao, nimekiwekea koti lake. Kinataka mtu anayeujua mpira, aniambie nimekosea, nami nimwambie amezeeka, watu wasimame barabarani wasikilize. Kazi hiyo haihitaji mapafu makubwa. Kelele nitapiga mimi.

Barua hii sitampa Mageni. Kesho Jumatatu hakuna mechi, nafunga kibanda, naileta mwenyewe. Wateja wanabishana kama nitarudi peke yangu au na wewe, wamenitaka niandike utabiri nimekataa. Yule mama ntilie atanionyesha chumba chako. Najua tukionana tutashindwa kusema, wewe kwa aibu, mimi kwa machozi, ndiyo maana nimeandika yote. Nitakukabidhi mkononi, nitakaa kimya usome mpaka mwisho.

Umefika mwisho. Sasa inua kichwa.

Dada yako,
Mariana